Msafara wa Hija usiishie uwanja wa ndege
MIZANI YA IJUMAA
Na Salma Mwinyikombo

Mchana wa tarehe 9 Mfunguo Tatu, jua likishapinduka, mahujaji wote huwa mahali pamoja: uwanda wa Arafa, kilomita 20 hivi kutoka Makka. Hapo hakuna tawafu wala mawe ya kurusha. Kuna kusimama na kuomba mpaka magharibi. Katika mahema ya misafara ya Waswahili, karatasi hutolewa mikobani na simu hufunguliwa, kwa kuwa kila mmoja ametoka nyumbani na majina aliyousiwa ayaombee: mama mwenye maradhi ya miguu, binti anayesubiri matokeo ya mtihani, ndugu wawili wasiosemezana, marehemu wa miaka mingi. Mmoja husoma, waliomzunguka huitikia amina.

Hapo ndipo mtu wa Tanga anapoifahamu nyumba ya mtu wa Mtwara. Hajawahi kuikanyaga, lakini anajua nani anaumwa humo na nani anasubiri kazi, na amewaombea. Majirani wa mtaa mmoja wanaweza kukaa miaka kumi bila kujuana kiasi hicho.

Urafiki wa aina hiyo haushangazi ukiitazama safari yenyewe. Hija ya 2025 ilikusanya mahujaji 1,673,230. Katika bahari hiyo ya watu, mwanamume amevaa shuka mbili zisizoshonwa kama wengine wote, na Mina ina mahema zaidi ya laki moja yanayofanana. Mzee akipotea njia akitoka chooni, wenzake wa chumba ndio watakaomtafuta. Sheria yenyewe imelitambua jambo hili: asiyejiweza huruhusiwa kumtuma mwenzake amrushie mawe. Kijana humaliza saba zake, kisha akarusha saba za mzee ambaye mwezi mmoja uliopita hakulijua hata jina lake. Hapo undugu si maneno.

Wanawake wameuonja zaidi miaka hii. Oktoba 2022 Waziri wa Hija wa Saudi Arabia alitangaza kuwa mwanamke kutoka nchi yoyote anaweza kwenda Hija bila maharimu. Mjane aliyekuwa akingoja mtoto wa kiume apate nauli ya kumsindikiza sasa huweza kwenda na kinamama wenzake. Wao ndio watakaomshika mkono kwenye tawafu na kumsugua miguu usiku, na mtu wa namna hiyo hasahauliki.

Thamani ya kundi ilionekana kwa uchungu Juni 2024. Joto katika Msikiti Mtukufu lilipita nyuzi 51, na Saudi Arabia ikatangaza vifo 1,301. Asilimia 83 ya waliofariki walikuwa watu wasio na kibali cha Hija, waliotembea masafa marefu juani bila hema wala mahali pa kupumzikia. Wapo wanaoulalamikia msafara kwamba una ratiba ngumu na kusubiriana kusikokwisha. Lakini kusubiriana huko ndiko kunakomfanya kiongozi ahesabu watu wake kabla basi halijaondoka, na kugundua kwamba mmoja hayupo.

Na undugu wa Hija huvuka hata mipaka ya msafara. Aprili 1964 Malcolm X, mwanaharakati wa Wamarekani weusi, alifika Jeddah hajui Kiarabu, akazuiliwa uwanja wa ndege mpaka Uislamu wake uthibitishwe. Alichokuwa nacho ni namba ya simu ya familia ya Azzam, watu asiowahi kuwaona. Walimfuata, na mzee wao akamwachia chumba chake cha hoteli. Ukarimu huo, na kula sinia moja na watu wa kila rangi, ulibadili fikra zake juu ya weupe na weusi.

Wachumi nao wamelichunguza jambo hili. David Clingingsmith, Asim Khwaja na Michael Kremer waliwafuatilia Wapakistani walioomba kwenda Hija ya 2006, wakati nafasi za nchi yao ziligawanywa kwa kura. Wakawalinganisha walioipata na walioikosa. Katika matokeo waliyochapisha 2009, waliokwenda walirudi wakiwavumilia zaidi watu wa makabila na madhehebu mengine, na wakiunga mkono zaidi elimu ya wasichana. Watafiti hao waliona chanzo chake ni kuchanganyika na mahujaji wa mataifa mengine.

Na nyumbani je? Huko ndiko moyo huwa muda wote. Usiku wa Muzdalifa mtu hulala juu ya mkeka, mbingu ndiyo paa. Mina kuna foleni ya choo alfajiri. Baada ya siku chache za hivyo, mlango wako mwenyewe, kitanda chako na sauti ya mjukuu anayegombania uji huwa ni neema inayotajwa kwa machozi. Dini imeipa heshima hamu hiyo: Mtume (S.A.W.) alifundisha kwamba aliyemaliza shida yake safarini afanye hima kurejea kwa watu wake, naye mwenyewe alipokuwa akirejea alianzia msikitini, akasali rakaa mbili.

Kwa hiyo si ajabu mahujaji wakitua hukimbilia kwao. Mizigo ikishatoka, na galoni la zamzam limeshapatikana, kila mtu hukumbatiwa na watu wake na kuondoka. Kundi la WhatsApp huendelea wiki kadhaa: picha, dua, salamu za Ijumaa. Kisha hunyamaza, na mara nyingi kinacholiamsha tena ni taarifa ya msiba.

Safu hii inaziomba taasisi zinazosafirisha mahujaji zichukulie kuudumisha undugu huo kuwa sehemu ya kazi yao. Semina za kabla ya safari hufundisha manasiki vizuri, lakini watu hutoka bila kujuana. Wanaolala chumba kimoja wakutanishwe mapema, familia zao zipeane namba za simu, na kijana ajue ni mzee gani atakuwa naye Makka. Kuonana tena nako kuandikwe kwenye ratiba, kama inavyoandikwa siku ya kwenda Madina. Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi, unafaa sana: ni miezi mitatu tu tangu Arafa, na watu bado wanayakumbuka majina waliyoyaitikia amina. Wakutane nyumbani kwa mmoja wao, waulize yule binti alifaulu au la, na mama wa miguu anaendeleaje.