Mchoro wa bei ya mafuta: ni mafuta gani, ya siku gani?

Esansi ikipanda bei, hauchukui muda kabla mchoro haujazunguka kwenye simu za wakaaji wa Goma na Bukavu: mstari unaopanda kama mlima, na maneno mafupi, "bei ya dunia imepanda." Kwa mwenye gari, ushahidi umetimia. Kwa mama aliyehama vita, anayetafuta nauli ya moto ili amfikishe mtoto hospitali, mchoro huo ni pesa zinazotoka. Basi uulizwe maswali.

Kwanza, ni mafuta gani? Tarehe 20 Aprili 2020, korona ikiwa imesimamisha magari na ndege, mafuta ya Marekani yanayoitwa WTI yalifunga soko kwa dola 37.63 chini ya sifuri kwa pipa. Mkataba wa Mei ulikuwa unamalizika kesho yake, na walioushika hawakuwa na pa kuyaweka mafuta. Siku hiyo hiyo Brent, mafuta ya Bahari ya Kaskazini, yaliuzwa kwa zaidi ya dola 25. Mchoro usiotaja jina unaweza kuonyesha lolote.

Tena, ni bei ya siku au ya mwaka? Mwezi wa Julai 2008 pipa lilipita dola 145. Desemba lilikuwa chini ya 40. Anayechora wastani wa mwaka huo anaficha mlima na bonde pamoja. Na dola ya 1980 si dola ya leo: pipa la wakati ule, karibu dola 37, kwa pesa ya sasa linapita 100.

Takwimu si siri. Benki ya Dunia hutoa bei za kila mwezi bure, na idara ya takwimu za nishati ya Marekani inazo bei za kila siku za Brent tangu 1987. Kukosa chanzo chini ya mchoro ni uvivu, au ni makusudi.

Halafu mafuta ghafi si esansi. Lazima yasafishwe, yasafiri kutoka Mombasa au Dar es Salaam, yalipiwe kodi njiani. Kwa hiyo anayesema nauli imepandishwa na dunia aweke mstari wa pili kando ya ule wa kwanza: bei ya lita moja hapa Goma, miezi ile ile. Na asiiruke miezi ambayo pipa lilishuka.