Mji wa Hamtramck na Hesabu ya Watu Wake

Imekuwa ikisimuliwa mabarazani, na vijana wetu wa chuoni wametuletea khabari hiyo kwa furaha mara nyingi, kwamba uko mji katika Marekani ambao meya wake na wajumbe wote wa baraza la mji walikuwa Waislamu. Khabari hiyo ni ya kweli. Mji wenyewe waitwa Hamtramck, katika jimbo la Michigan, na hali hiyo ilianza Januari 2022, baada ya uchaguzi wa Novemba 2021. Lakini wasimulizi huirukia natija wakaiacha sababu, na wengine hutia chumvi wakasema kuwa ni mji wa Waarabu. Sivyo. Kwa hivyo tumeona vyema mwezi huu tuwaeleze wasomaji wetu ni watu gani khasa wakaao humo, wamefikaje, na serikali yao huwahesabu vipi.

Mji huo ni mdogo mno. Eneo lake ni kama maili mbili za mraba tu, nao umezungukwa karibu pande zote na mji mkubwa wa Detroit, mfano wa kisiwa na maji. Mwaka 1910 wakazi wake walikuwa 3,559, na asili ya kijiji hicho ilikuwa ni wakulima wa Kijerumani. Mwaka huo huo ndugu wawili wa ukoo wa Dodge wakafungua hapo kiwanda chao, na kiwanda kikataka mikono. Ilipohesabiwa tena mwaka 1920, watu walikuwa 48,615. Yaani katika miaka kumi mji ulizidi zaidi ya mara kumi na tatu! Na mwaka 1930 wakafika 56,268.

Wengi wa waliokuja walikuwa Wapolandi, watu maskini wa mashamba, Wakatoliki, waliofuata ujira kama watu wetu walivyofuata kazi za bandarini na za mashamba ya mkonge. Walikuja na lugha yao, makanisa yao, mikate yao na sikukuu zao, na wenyeji waliotangulia Marekani hawakuwapenda. Waliwaona kuwa ni watu duni wasiojua Kiingereza. Twawaomba wasomaji walikumbuke hilo. Wapolandi hao hao ndio walioushika mji ukawa wao, hata watu wa nje wakiutaja Hamtramck hutaja Wapolandi, na Papa Yohana Paulo wa Pili, ambaye naye alikuwa Mpolandi, alikwenda kuwazuru mwaka 1987. Kwa muda wa karibu miaka mia moja mameya wa mji huo walitoka katika asili hiyo moja.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wasimulizi wetu hawalitaji kabisa. Katika mji huo walikuwapo pia Wamarekani weusi, nao walifanya kazi katika viwanda vile vile. Wakuu wa mji wakaleta mipango waliyoiita ya kuutengeneza mji upya, na ajabu ya mipango hiyo ni kuwa nyumba zilizovunjwa zilikuwa khasa katika mitaa ya watu weusi, na waliovunjiwa hawakupewa pa kukaa humo mjini. Wakashitaki mwaka 1968. Mwaka 1971 hakimu Damon Keith, ambaye naye alikuwa mtu mweusi, alihukumu kwamba mji umewaondoa watu hao kwa kusudi, na kwamba ni lazima wajengewe nyumba. Je, zilijengwa mara moja? La. Zilikwenda zikikawia, mabaraza yakapita na mengine yakaja, mpaka mwaka 2010 ndipo nyumba za mwisho zilipomalizika. Baadhi ya waliodai haki walikuwa wamekwisha kufa, na walioingia nyumbani ni watoto na wajukuu. Basi watu waliodharauliwa jana kwa ugeni wao hawakuona tabu kumdharau mwingine kwa rangi yake walipopata nguvu ya kufanya hivyo.

Kiwanda kikubwa kilifungwa mwaka 1980. Vijana wa Kipolandi walikuwa wamekwisha anza kuhamia vitongoji vya nje, na mwaka 1990 wakazi walikuwa 18,372 tu. Nyumba zikabaki tupu, kodi ikashuka. Na penye nyumba rahisi hakukosi mgeni. Wayemeni baadhi yao walikuwapo tangu zamani, kwa ajili ya kazi za viwanda vya magari, nao wakawaita jamaa zao. Wakaja Wabosnia waliokimbia vita vya mwaka 1992 hadi 1995. Wakaja Wabangladeshi, wengi wao wakitokea New York ambako maisha yalikuwa ghali; na leo barabara ya Conant imejaa maduka yao, na sehemu yake ikapewa jina la heshima la Bangladesh mwaka 2008. Hesabu ya mwaka 2020 iliwakuta watu 28,433.

Mwaka 2004 msikiti mmoja wa Wabangladeshi uliomba ruhusa ya kutoa adhana kwa kipaza sauti. Mzozo ukawa mkubwa, khabari zikafika nchi za mbali. Baraza likakubali, wapinzani wakataka kura ya watu wote, kura ikapigwa mwezi wa Julai na adhana ikashinda. Tena wasomaji waangalie: wakati huo Waislamu hawakuwa na wingi katika baraza. Adhana ilipita kwa kauli za watu wasiokuwa Waislamu, waliosema kuwa kengele za makanisa zikisikika, na adhana isikike. Wingi wa Waislamu katika baraza ulipatikana baadaye, mwaka 2015, na baraza zima likawa lao mwaka 2022. Mmoja wa wajumbe hao wa 2022 alikuwa ni mwanamke wa asili ya Kipolandi aliyesilimu, jambo ambalo lawavuruga wale wapendao kuona kila kabila katika kapu lake.

Mizani ilipoingia mikononi mwao, Waislamu hao wamepimaje? Januari 2023 baraza liliruhusu watu kuchinja udhiya majumbani mwao. Juni 2023 likakataza bendera za vikundi kutundikwa katika milingoti ya mji, isipokuwa za serikali na za nchi walizotoka wakazi. Na kila mtu alijua kuwa mzozo wenyewe ulikuwa juu ya bendera ya watu wa jinsia moja. Imani yetu katika jambo hilo yajulikana na hatuna haja ya kuirudia hapa. Lakini wako wakazi wa zamani, walioitetea adhana mwaka 2004, waliosema hadharani kuwa wameona uchungu na kwamba wametupwa. Sisi twasema kwamba malalamiko ya jirani aliyekusaidia siku ya dhiki husikilizwa mpaka mwisho, hata kama jawabu lako litabaki la. Na bibi mzee wa Kipolandi aliyebaki peke yake katika mtaa wake, asiyemjua mjumbe hata mmoja, yeye khasa ndiye wa kubishiwa hodi. Hayo kijana ayatie katika khabari yake anapojivuna barazani.

Ama kuhusu kuhesabiwa, hapa pana mambo ya kuchekesha. Serikali ya Marekani haiulizi dini katika hesabu ya watu. Kwa hivyo mtu akikutajia idadi kamili ya Waislamu wa Hamtramck, mwulize ameitoa wapi. Yaulizwa rangi na asili. Na kwa sharti lililowekwa mwaka 1997, mtu ambaye asili yake ni Ulaya, au Mashariki ya Kati, au Afrika ya Kaskazini, huandikwa kuwa ni mweupe. Basi hesabu ya mwaka 2010 ilisema kwamba zaidi ya nusu ya watu wa mji ni weupe, karibu mmoja katika kila watano ni mweusi, na zaidi kidogo ya mmoja katika watano ni wa Asia. Asomaye karatasi hiyo akiwa mbali atadhani Wapolandi wangali ndio wengi. Hajui kwamba katika kisanduku hicho kimoja wamefungwa Mpolandi na kanisa lake, Myemeni na kilemba chake, na Mbosnia pia. Na Mbangladeshi amewekwa pamoja na Mchina.

Tusiwacheke sana. Wazee wetu wa pwani walipohesabiwa na Waingereza mwaka 1948, Wazungu, Wahindi na Waarabu waliandikwa mwezi wa Februari, na Waafrika wakangojea mwezi wa Agosti. Nyumba ngapi za Mombasa, Lamu na Tanga zilikuwa na baba wa Februari na mama wa Agosti? Na wajomba waliokula sahani moja na wapwa zao wakaandikwa katika vitabu mbali mbali. Kila mtu alijua kuwa jina aliloandikiwa lilikuwa na thamani yake katika mgao, katika shule na katika kazi, na wako waliochagua jina kwa kuitazama thamani hiyo kuliko kulitazama kaburi la babu.

Machi 2024 serikali ya Marekani ilitangaza sharti jipya, kwamba watu wa Mashariki ya Kati na Afrika ya Kaskazini watengewe kisanduku chao wenyewe. Hesabu kubwa inayofuata ni ya mwaka 2030. Kwa sharti hilo Myemeni wa Hamtramck atatoka katika weupe. Mbosnia, anayesimama naye bega kwa bega katika safu ya sala ya Ijumaa, atabaki kule kule pamoja na Wapolandi.