Shahidi wa Kaa na Shahidi wa Kombe



Wapendwa wanaparokia, Dominika iliyopita, baada ya Misa ya pili, kijana mmoja wa hapa Pito alitusubiri mlangoni mwa sakristia. Alikuwa amesoma kwamba katika pango la Kuumbi, karibu na Jambiani kisiwani Unguja, watu walikuwapo yapata miaka 20,000 iliyopita. Swali lake lilikuwa fupi: "Padre, wanajuaje? Na kama wanajua kweli, Kitabu cha Mwanzo tukiweke wapi?" Shangazi yake aliyesimama kando alimkemea, akisema maswali ya namna hiyo hayaulizwi kanisani. Sisi tunaona kwamba ni heri yaulizwe kanisani kuliko kijana aondoke nayo moyoni, akidhani ya kuwa imani yake haistahimili kuulizwa. Ndiyo maana tafakari ya juma hili tumeitoa kwa swali lake.

Tuanze na namna ya kujua. Juu angani, miale itokayo anga za mbali huigonga hewa ya naitrojeni na kuigeuza sehemu yake ndogo mno kuwa kaboni ya aina ya pekee, iitwayo kaboni-14. Mti huivuta pamoja na hewa, mbuzi huipata katika majani, nasi huipata katika ugali na maharage. Maadamu kiumbe yu hai, kinachopotea hufidiwa. Siku anapokufa, mlango wa kupokea hufungwa, na akiba aliyo nayo huanza kupungua kwa mwendo usiobadilika. Baada ya miaka 5,730 hubaki nusu. Baada ya miaka 11,460 hubaki robo. Na hivyo hivyo, hata ikifika kama miaka 50,000 kinachobaki ni kidogo mno kuweza kupimika kwa uhakika. Mwaka 1949 Willard Libby na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago walionyesha kwamba salio hilo laweza kusomwa kama saa, naye akatunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 1960. Kwa kuwa kiasi cha kaboni hiyo hewani hakikuwa sawa nyakati zote, wataalamu husahihisha hesabu zao kwa kulinganisha na pete za miti, ambazo huongezeka moja kila mwaka.

Katika maeneo ya pwani, mashahidi wanaoitwa mara nyingi zaidi ni wawili: kaa la moto lililobaki mekoni na kombe la baharini lililotupwa baada ya chakula. Wote wawili ni wakweli. Hata hivyo, kila mmoja ana udhaifu wake, na asiyeujua atapotoka.

Kombe hujenga gamba lake kwa kaboni iliyomo majini, na maji ya vilindini hukaa karne nyingi bila kukutana na hewa kabla ya kupanda tena juu. Kwa sababu hiyo bahari hubeba kaboni ya kale. Kombe aliyevuliwa siku ileile mti ulipokatwa angeonekana kuutangulia mti huo kwa yapata miaka 400, na tofauti hiyo huongezeka au kupungua kutoka pwani moja hadi nyingine. Asiyefanya marekebisho ataipa kijiji cha wavuvi karne nne ambazo hakikuziishi. Kaa nalo lina kasoro yake. Kiini cha mti mkubwa huacha kupokea kaboni mpya miaka mingi kabla mti haujaangushwa. Mpishi wa kale akichoma gogo la mvule wa miaka 300, kaa litaeleza umri wa kiini cha mti, wala si siku ya kupika. Tena mizizi na wanyama wachimbao mashimo waweza kulishusha kaa la jana hadi tabaka la kale, au kulipandisha la kale hadi tabaka la jana.

Pango la Kuumbi lenyewe ni funzo. Tangu mwaka 2005 limechimbwa na makundi kadhaa ya wataalamu, na miongoni mwao wa kwanza alikuwa Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Taarifa za awali zilisema kwamba kisiwani humo walikuwapo wafugaji maelfu ya miaka iliyopita, na kwamba hata kuku, ndege mwenye asili ya Asia, alikuwa amekwisha kufika. Habari hiyo ilizua mjadala mkubwa. Wataalamu wengine wakarudi pangoni, wakachimba upya, na mwaka 2016 wakachapisha vipimo 20: vingine vya kaboni, vingine vya njia ipimayo ni lini chembe za mchanga ziliangaziwa na jua kwa mara ya mwisho. Walithibitisha kwamba wawindaji walikuwapo pale nyakati za mbali sana, Unguja ilipokuwa bado imeshikamana na bara na pundamilia wakizunguka huko. Baadaye pango liliachwa kwa muda mrefu, likaja kukaliwa tena katika karne za kati za milenia ya kwanza baada ya Kristo. Kuhusu kuku na wafugaji wa zamani zile, hawakupata ushahidi.

Wapo watakaosema: mnaona, wanasayansi wanapingana wenyewe kwa wenyewe, basi tusiwaamini. Sisi tunasema kinyume chake. Mtu anayekubali kuchimba tena palepale alipochimba mwenzake, na kuweka hadharani vipimo vyake ili naye apingwe, anaitendea kweli kwa heshima. Torati ilidai mashahidi wawili au watatu kabla ya mtu kuhukumiwa. Ni mara ngapi sisi katika jumuiya zetu tumemhukumu jirani kuwa mchawi au mwizi kwa neno la shahidi mmoja, ambaye hata hakuulizwa alisimama wapi alipoona? Kaa na kombe huhojiwa kwa uangalifu zaidi kuliko tunavyohojiana sisi kwa sisi.

Na Kitabu cha Mwanzo? Hesabu inayosema kwamba dunia iliumbwa mwaka 4004 kabla ya Kristo haikutoka katika mafundisho ya Kanisa. Ilitolewa katika karne ya 17 na James Ussher, askofu mkuu wa Kianglikana wa Armagh kule Ireland, aliyejumlisha umri wa wazee wa Biblia. Papa Pius XII mwaka 1943, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano mwaka 1965, walitufundisha kuuliza kwanza mwandishi mtakatifu alitaka kusema nini na kwa mtindo gani wa uandishi. Kitabu cha Mwanzo kinatuambia tumetoka kwa nani na kwa ajili gani. Idadi ya miaka si shabaha yake.

Tena Kanisa halikuwaachia wengine tu kupimwa. Mwaka 1988 vipande vya Sanda ya Torino, kitambaa ambacho mamilioni ya waamini wamekiheshimu kwa machozi, vilipelekwa katika maabara tatu: Oxford, Zürich na Arizona. Jibu lilikuwa kwamba kitani kile ni cha kati ya mwaka 1260 na 1390. Kardinali Anastasio Ballestrero, askofu mkuu wa Torino, alilitangaza yeye mwenyewe. Wapo wanaobishana mpaka leo kama kipande kilichokatwa kiliwakilisha kitambaa chote, nao wana haki ya kuuliza. Sisi tunachokitazama hapa ni kwamba mchungaji alikubali kitu kipendwacho kipimwe, na jibu lilipokuja hakulificha.

Wapendwa, msidhani kwamba haya ni mambo ya Waunguja na ya Ulaya tu. Maporomoko ya Kalambo yako hapa mkoani kwetu, mpakani mwa Zambia. Upande wa ng'ambo, mwaka 2023, wataalamu walitangaza magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa na mikono iliyofanya kazi yapata miaka 476,000 iliyopita. Umri huo kaboni haiwezi kuufikia kabisa. Ilibidi kuuliza mchanga uliyazunguka. Na katika uwanda wetu wa juu wa Ufipa yamesimama malungu, matanuri marefu ya udongo ambamo mababu waliyeyusha chuma kwa nguvu ya upepo. Chini ya kila moja yamelala makaa, na kila kaa lingali linahesabu miaka yake.

Hapa tunapaswa kuungama. Miaka kadhaa iliyopita, tukisimamia uchimbaji wa msingi wa nyumba katika kijiji kimoja cha uwanda huu, vijana walifukua mavi ya chuma, vipande vya mirija ya udongo, na makaa yaliyoshikamana na udongo mwekundu. Tulikuwa na haraka, kwa maana mvua zilikaribia. Tuliamuru yote yakafukie mashimo ya barabarani. Mzee mmoja alisimama akitazama hadi mkokoteni wa mwisho ulipoondoka. Tulipomwuliza baadaye kwa nini hakusema neno, alijibu kwa upole, "Padre, nilidhani ninyi wasomi mnajua ni kitu gani." Babu yake alikuwa mfua chuma. Kaa lililoondolewa mahali pake bado lina kaboni yake, lakini halijui tena lilikuwa la tanuri gani, wala la ukoo upi. Tulimnyamazisha shahidi kabla hajaitwa, na hatuna namna ya kumrudisha.

Kwa hiyo tunasihi mambo mawili. Ukikuta mabaki ya lungu shambani, usiyabomoe wala usiyachimbue kwa udadisi. Yaache yalivyo, kisha uwaarifu serikali ya kijiji na afisa utamaduni wa wilaya. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yenyewe hairuhusu kuchimba bila kibali. La pili ni kwa wazazi na makatekista: msiwafundishe watoto kana kwamba historia ya nchi hii ilianza Mapadri Weupe walipofika Karema mwaka 1885. Injili iliwakuta hapa watu wenye akili, kazi na ufundi, ambao Mungu alikuwa akiwatazama kwa upendo tangu zamani.

Kijana wetu, tunakushukuru kwa kutusubiri mlangoni. Endelea kuuliza, na umwambie shangazi kwamba safari ijayo naye anakaribishwa na swali lake.