Tangazo Liliwekwa Kwenye Grupu



Muhula uliopita binti mmoja wa darasa letu alikosa jaribio la sheria ya mikataba. Hakuugua, hakupitiwa na usingizi. Simu yake kubwa iliibwa kwenye daladala, akabaki na kitochi. Jaribio lilipangwa Alhamisi. Jumanne saa 4 usiku mwalimu akamtumia kiongozi wa darasa ujumbe kwamba limesogezwa mbele, litafanyika Jumatano saa 1 asubuhi. Kiongozi akaupachika kwenye grupu la WhatsApp, watu wakajibu kwa vidole gumba, basi. Yeye alikuja Alhamisi na kalamu yake, akakuta ukumbi mtupu.

Alipokwenda kujieleza alijibiwa sentensi moja tu: tangazo liliwekwa kwenye grupu. Alama zake hazikutosha kumwingiza kwenye mtihani wa mwisho. Mwaka huu analirudia somo lile.

Sisi tunaosoma sheria tunaambiwa tangu wiki za kwanza kwamba humhukumu mtu ambaye hakupewa taarifa. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki na wajibu wake vinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine. Anayedai shamba la nusu eka mahakamani lazima aoneshe kuwa mdaiwa alipelekewa wito. Ila mwaka mzima wa mtoto wa mkulima unaamuliwa kwa ujumbe wa saa 4 usiku, na hakuna anayeuliza kama ulimfikia.

Msinielewe vibaya, siwapingi wanaosomea simu. Bila simu mimi ningekuwa nimeshadisco. Kwenye TanzLII nasoma hukumu za Mahakama ya Rufani bure, nikiwa kitandani. Telegram kuna vitabu ambavyo maktaba yetu ina nakala mbili kwa darasa la watu mia tatu (najua sheria ya hakimiliki inasemaje, msinikumbushe). Na lile grupu lenyewe limetuokoa wengi. Darasani tunafundishwa kwa Kiingereza, tunatikisa vichwa. Usiku mtu anatuma sauti ya dakika tatu: "Jamani, estopeli ni hivi. Umeniambia nijenge, nimejenga, umekaa unaniangalia. Leo huwezi kugeuka ukasema hukuniruhusu." Hapo ndipo somo linapoingia. Sauti ile imefundisha watu wengi kuliko muhtasari wa kurasa arobaini, na aliyeituma halipwi na mtu.

Kwa hiyo simu ni darasa. Swali langu ni nani anashika ufunguo wa darasa hilo.

Wa kwanza ni bando. Mwenye mkopo anapata shilingi 10,000 kwa siku, ya kula na kulala. Mimi wiki ya kawaida natumia 5,000 kwenye bando, wiki ya kazi za makundi inapita hapo. Asiye na mkopo sijui anafanyaje, au tuseme najua: anasimama nje ya dirisha la ofisi yenye Wi-Fi mpaka mlinzi amfukuze. Mnakumbuka Aprili 2021? Bei za bando zilipanda ghafla, vijana wakapiga kelele mitandaoni, serikali ikasitisha. Tulikuwa na nguvu ile, halafu hatukuomba jambo dogo kabisa: tovuti za vyuo na za hukumu za mahakama zifunguke bila kula bando la mwanafunzi.

Wa pili ni mwenye swichi. Mei 2025 mtandao wa X ulifungwa nchini. Pale ndipo mawakili walikuwa wanachambua kesi mbichi, siku ileile, kwa lugha tunayoielewa. Ukitaka kuwasoma sasa unahitaji VPN, na Oktoba 2023 TCRA ilitangaza kwamba anayeitumia ajisajili. Mimi kama ninayo sisemi. Nasoma sheria, najua haki ya kutojitia hatiani. Kisha Oktoba 29 intaneti ikazimwa nchi nzima, siku ya uchaguzi na siku zilizofuata. Yaliyotokea siku zile ni makubwa kuliko chuo, yana makala yake na uchungu wake. Nasema la kwetu tu: taarifa kwamba vyuo havifunguliwi tena Novemba 3 bali Novemba 17 mimi niliisikia kwenye redio ya jirani. Ibara ya 18 inasema kila mtu ana haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari bila kujali mipaka ya nchi. Kupokea, wandugu. Hata tarehe ya kufungua chuo ni habari.

Na sisi wenyewe tusijifanye malaika. Grupu letu hilohilo wiki ya mitihani linajaa vichekesho na ubishi wa Simba na Yanga. Mwezi uliopita programu ya akili bandia ilinipa kesi tamu kabisa, yenye majina ya wadaawa na mwaka. Nilibakiza saa moja kuisimamia kwenye mahakama ya majaribio. Nikaitafuta TanzLII, haipo. Ilitungwa. Ningeaibika mbele ya jaji wa kweli aliyealikwa.

Tumeandika barua kwa serikali ya wanafunzi, kurasa mbili. Tunaomba tangazo lolote la mtihani libandikwe ubaoni na kwenye mfumo wa chuo angalau saa 48 kabla, la sivyo asiyeliona apewe jaribio lingine. Tunaomba pia chuo kizungumze na kampuni za simu kuhusu zile tovuti. Anayesoma chuo kingine akiitaka aombe kwenye maoni nimtumie, abadilishe majina tu.

Saini zinakusanywa kwa karatasi, pale kwenye kibanda cha fotokopi karibu na geti la nyuma. Ya kwanza ni ya yule binti wa kitochi.