Tukimbie, au Tungoje?

Katika kila shule yenye mashindano ya mbio hutokea mabishano, nayo huanza siku mawingu yanapokusanyika. Wanafunzi wengine husema, "Twende tukakimbie, mvua si moto." Wengine husema, "Tusiende, tutapata homa." Wale wa kwanza huwaita wenzao waoga, na hawa wa pili huwaita wale wapumbavu. Mimi nimefundisha watoto zaidi ya miaka 20, nami nimewahi kusimama katika pande zote mbili. Leo nataka kuwaambia niyaonayo kuwa kweli, mpate kuyapima wenyewe.

Neno langu ni hili: hali ya hewa si udhuru wa mvivu, wala si kitu cha kudharauliwa. Mwenye akili hutazama kwanza ni hali gani, na yaweza kumfanyia nini, kisha huamua. Na akiisha kuamua kungoja, hana sababu ya kuona haya.

Kwanza tuseme juu ya mvua yenyewe. Mvua ya kawaida, isiyo na ngurumo wala upepo mkali, haimdhuru mtu mwenye afya anayekimbia. Watu wengi hudhani ya kuwa kulowa ndiko kunakoleta homa. Sivyo. Malaria huletwa na mbu, na mafua huletwa na vijidudu vipitavyo kutoka mtu hata mtu. Mwili unaokimbia hufanya joto lake wenyewe. Kwa hiyo mkimbiaji aliyelowa haoni baridi sana maadamu yumo mwendoni. Akiisha kufika, na avue nguo mbichi upesi, ajifute, avae kavu.

Tarehe 16 Aprili 2018, katika mji wa Boston, Marekani, mbio za kilometa 42 zilikimbiwa katika mvua ya baridi na upepo uliowapiga wakimbiaji usoni. Wakimbiaji hodari wengi waliacha njiani. Kwa wanaume alishinda Mjapani, Yuki Kawauchi, aliyempita Geoffrey Kirui wa Kenya karibu na mwisho. Kwa wanawake alishinda Desiree Linden wa Marekani, ambaye mapema katika mbio zile alikuwa amefikiri kuacha. Basi, mtu asiyekimbia kwa sababu ya manyunyu machache na asiseme amezuiwa na mvua. Amezuiwa na blanketi.

Walakini kuna mvua na mvua. Tarehe 22 Mei 2021, katika jimbo la Gansu, nchi ya China, watu 172 walianza mbio za kilometa 100 milimani. Wengi walivaa nguo nyepesi. Walipokuwa juu mlimani, ghafula ukaja upepo wa nguvu pamoja na mvua ya mawe na baridi kali. Wakimbiaji 21 walikufa. Hao hawakuwa wavivu wala wanyonge. Baadhi yao walikuwa miongoni mwa hodari wa nchi yao. Lakini nguo iliyolowa ikipigwa na upepo huondoa joto la mwili upesi kuliko mwili uwezavyo kulifanya, na miguu ikichoka, joto lenyewe hupungua. Siku ile mchungaji mmoja wa kondoo alikuwa amejikinga katika pango. Aliwaingiza wakimbiaji 6, akawawashia moto, wakapona. Fikirini jambo hilo: aliyewaokoa wenye mbio ni mtu aliyejua kungoja.

Jua nalo lisisahauliwe, maana sisi wa nchi za joto twaliona kama ndugu yetu, kwa hiyo hatuliogopi. Mwaka 1912, katika michezo ya Olimpiki iliyofanyika Stockholm, Mreno mmoja jina lake Francisco Lázaro alianguka njiani katika mbio ndefu, siku ya joto jingi, akafa siku ya pili yake. Yasemekana alikuwa amejipaka nta mwilini, hata jasho likakosa njia ya kutoka. Jasho ndilo maji ya kuupoza mwili. Nalo hupoza linapokauka. Pwani, mathalani Tanga au Mombasa, hewa yenyewe imejaa unyevu, jasho halikauki upesi. Kwa hiyo joto la pwani humchosha mkimbiaji kuliko joto kama hilo mahali pakavu. Dawa yake si ushujaa, ni saa: kimbia alfajiri au jioni, na unywe maji. Ukiona mwenzako anayumba au asema maneno yasiyo na maana, msimamishe, mpeleke kivulini, mmwagie maji mwilini, mpepee, na mmoja wenu akaite msaada mara moja.

Juu ya radi sina mabishano na mtu. Ukisikia ngurumo, ingia ndani. Usiseme, "Iko mbali." Sauti huenda kiasi cha meta 340 kwa sekunde moja, ukihesabu sekunde 3 baina ya mwanga na ngurumo, radi imepiga kilometa 1 kutoka ulipo. Lakini hata ukihesabu 20 usijipe moyo, maana ya pili yaweza kupiga karibu nawe. Ingia katika nyumba imara yenye kuta, au katika motokaa yenye bati juu na madirisha yaliyofungwa. Usisimame chini ya mti, wala karibu na mlingoti wa bendera, wala katikati ya uwanja. Kisha ngoja dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Hapo hakuna shujaa wala mwoga. Yupo aliyeingia ndani na yupo aliyebaki nje.

Sasa nitawaeleza kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa kijana, nimetoka karibuni katika chuo cha ualimu, nilipelekwa kufundisha katika shule moja upande wa milima ya Uluguru. Ilikuwa masika, mwezi wa Aprili, na mashindano yetu yalikuwa yamebakiza majuma mawili. Mawingu yalikuwa meusi juu ya mlima, lakini shuleni kwetu halikuanguka hata tone. Niliwapanga wavulana 12, tayari kukimbia njia ya mbali, ile inayovuka kijito. Mvulana mmoja, mdogo kuliko wote, akasema, "Samahani, Mwalimu. Kukinyesha kule juu, kijito hujaa upesi." Nikamjibu mbele ya wenziwe, "Wewe miguu yako ni mizito, ndiyo maana waogopa maji." Wote wakacheka. Naye akanyamaza, akakimbia.

Tulivuka maji yakiwa chini ya vifundo vya miguu. Tuliporudi, kabla saa moja haijatimia, yalikuwa yamefika kiunoni, mekundu, yakichukua magogo. Maji ya magotini tu, yakienda kasi, yaweza kumwangusha mtu mzima; hayo ya kiunoni hapana wa kuyajaribu. Mvua ikatukuta pale ukingoni, hatuna nguo nyingine, jua likatua. Yule mdogo alitetemeka mpaka akashindwa kusema. Nilimkumbatia, nami nikaogopa kama sijapata kuogopa. Hata watu wa ng'ambo ile wakatusikia, wakatukaribisha jikoni kwao, tukaota moto usiku kucha.

Asubuhi nilimpeleka kwa mama yake. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitika, "Marahaba, mwanangu." Akamtazama mtoto wake tangu kichwa hata miguu, kisha akasema polepole, "Alikwambia." Hakuongeza neno, wala mimi sikuwa na la kujibu. Siku ile ile niliwakusanya wavulana wote 12, nikamwomba radhi mbele yao, kwa kuwa nilimdhihaki mbele yao.

Labda walimu wengine watasema ya kuwa nikifundisha hivi nawapa wavivu udhuru. Mimi sioni hivyo. Mvivu hujulikana siku ya manyunyu, na siku hiyo mwalimu amtoe nje. Lakini mtoto akiogopeshwa asiseme analolijua, shule imepoteza jicho moja. Yule mvulana alikijua kijito kile tangu utoto wake. Mimi nilikijua kwa juma moja. Heshima kwa mwalimu haimkatazi mtoto kusema kwa adabu, wala cheo cha mwalimu hakimkatazi kusikiliza.

Basi mnapotaka kutoka siku ya hali mbaya, jiulizeni maneno matatu. La kwanza: hali hii yatusumbua tu, au yaweza kutudhuru? La pili: tukizidiwa, tutajikinga wapi, tutarudi kwa njia gani, na nani ajuaye tuliko? La tatu: tukingoja, tutapoteza nini? Mara nyingi mtaona hasara yote ya kungoja ni saa moja ya mazoezi.

Wazee wetu walisema, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Sisemi mchague kuwa waoga. Nasema, ikiwa siku moja mmoja wenu atasema, "Tungoje," msimcheke kabla hamjamwuliza ameona nini. Njia ya mbio haihami. Kesho mtaikuta pale pale.