Nani Alimkomboa Atiman?

Ndugu msomaji, mara nyingi barazani kwetu hutajwa jamaa za bara zilizoingia Ukristo, na mmoja wetu akasema: "Wale walinunuliwa kwa sukari na nguo." Watu hucheka, kahawa ikazungushwa, na maneno yakaishia hapo. Mimi nasema huko ni kujidanganya. Twende Karema tukaone.

Karema iko kando ya Ziwa Tanganyika, katika Mkoa wa Katavi ambao makao yake makuu ni Mpanda. Mwaka 1879 watu wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji walijenga boma hapo, na mwaka 1885 wakawaachia Mapadri Weupe. Mapadri wakawakomboa watoto waliotekwa, wakawalea, wakawasomesha, na walipokua wakawaozesha.

Mwaka 1889 akafika hapo Adrien Atiman. Huyu hakuwa Mzungu. Alizaliwa karibu na Timbuktu, mji wa misikiti na wanavyuoni. Alitekwa angali mdogo, akavushwa jangwa la Sahara, akauzwa. Mapadri wakamkomboa huko Aljeria, kisha wakampeleka Malta kusomea uganga. Akawatibu watu wa Karema mpaka alipokufa mwaka 1956. Alioa huko huko, na mwanawe akawa padri. Tazama safari ya nyumba moja: baba aliuzwa utumwani, mwana akasimama madhabahuni.

Sasa nakuuliza. Katika njia yote ile ya jangwani hapakuwa na Mwislamu mwenye mali? Na huku kwetu, nani alitangulia kufika ziwa lile? Si sisi? Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858 waliwakuta wafanyabiashara wa pwani wamekwisha kaa. Ni kweli Uislamu ulishika mizizi Ujiji na Tabora, na walioupanda Mwenyezi Mungu atawalipa. Lakini wangapi walirudi na pembe na watumwa, wasiache nyuma hata chuo kimoja?

Wala usiseme hatukujua. Katika mafungu manane ya zaka, moja ni la kuwakomboa watumwa. Sheria ilikuwa yetu, na fedha tulikuwa nazo. Kazi tuliyoamrishwa sisi wakaifanya wengine, kisha tukawalaumu waliokombolewa kwa kumfuata aliyewakomboa!

Utasema: Wazungu nao waliuza watu, na Mapadri hawakukomboa bure, walitaka watoto wawe wa dini yao. Naam, yote mawili ni kweli. Lakini deni la jirani halilipi deni lako. Mtoto mwenye minyororo hamuulizi anayemfungua nia yake.

Biashara ile imekwisha, lakini tabia bado. Leo kijana wako akienda Mpanda kufungua duka, unamfungasha nini? Mizani ya haki, au hila? Atamwita jirani yake ndugu, au atamdharau kwa kuwa ni mtu wa bara? Tumeamrishwa kulingania kwa hekima, na hekima ya kwanza ni mwenendo. Na sisi tuliobaki, tumemsomesha binti mmoja uuguzi akawatumikie watu wa huko? Tumempeleka mwalimu mmoja?

Baba na mama, lizungumzeni jambo hili nyumbani kwenu usiku wa leo, kabla ya kumcheka mtu mwingine.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyaacha, na atupe nguvu ya kuyatenda yaliyobaki. Amin.