Pipa la mafuta chini ya Vitz: hesabu ya njia ya Mahurunga

Wadau, leo naomba tulale mgongoni tuingie chini ya gari, maana huko nako kuna siasa.

Njia ya kutoka Mtwara mjini kwenda Mahurunga, kule Mtwara Vijijini kando ya Ruvuma, inapita Vitz, IST na Probox zimejaa abiria, mchele, samaki na korosho za msimu. Gari hizi zilitengenezwa kwa lami ya Japani. Chini ya injini zinakuja na kava jepesi la plastiki, limeshikwa na vibanio vidogo tu. Kava hilo halikuwekwa kuzuia mawe. Linazuia maji na tope yasirukie belti na oltaneta, na linasaidia hewa ipite vizuri kwenye rejeta. Masika moja tu kwenye makorongo, kava limebaki porini. Kinachofuata kugonga ni sampo. Ikipasuka, oili inamwagika, na dereva asipoiona taa nyekundu mapema injini imekwenda na maji. Kwa kijana anayeendesha gari la mtu kwa hesabu ya kila siku, hapo ajira imeisha na deni limeanza.

Ndiyo maana mafundi wetu wanatengeneza la kwao. Wanachukua pipa la chuma la lita 200, wanalipasua na kulinyoosha. Linatoa bati la kama mita 1.8 kwa sentimita 88, linatosha gari dogo na chenji inabaki. Fundi mzuri anapima kwanza kwa boksi la katoni, anaukunja ukingo wa mbele kwenda juu nyuma ya bampa usichote mchanga, anaacha tundu la kumwagia oili, halafu anafunga kwenye matundu yale yale ya kiwandani. Fundi mbaya anachomelea moja kwa moja kwenye bodi. Siku ya sevisi mtalia wote.

Watu wa Dar wakiona wanacheka. Mimi sicheki, ila hapa kuna jambo linanitisha. Pipa lililokuwa na petroli, hata likionekana tupu, limejaa mvuke. Ukiligusa na grinda au gesi ya kuchomelea, linalipuka na fundi anakwenda nalo. Tafuta pipa la kitu kisichowaka, basi, hata kama ni la bei zaidi. Na usizibe kila kitu: joto la injini linataka pa kutokea, na nyasi kavu zikinasa kati ya bati na bomba la moshi zinawaka. Kuna wanaotumia pipa la plastiki la bluu. Halili kutu kwa chumvi ya bahari, hilo safi kabisa, lakini likikaa karibu na bomba la moshi linalainika kama ubuyu.

Sasa tuje kwenye pesa. TARURA ilianzishwa 2017 kushughulikia barabara za vijijini na mijini. Bajeti ya 2021/22 ikaongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli, tukaambiwa ni kwa ajili ya barabara za vijijini. Dereva wa Mahurunga analipa mia hiyo kila akijaza mafuta, sawasawa na mwenye gari anayetembea Masaki kwenye lami. Halafu anarudi kulipia pipa, fundi, na siku nzima gari likiwa limelala. Hiyo ni kodi ya pili jamani, isipokuwa haina risiti.

Wengine watasema dawa ni kuzuia magari ya zamani kama Kenya, ambako gari la zaidi ya miaka 8 haliingii. Sikubaliani. Hata gari la mwaka jana lina kava la plastiki lile lile, korongo haliulizi mwaka wa kutengenezwa.

SIDO ipo tangu 1973, VETA tangu 1994, na zote zina ofisi Mtwara. Kuchora vipimo vya kava la Vitz na IST, kukata bati jipya na kulikunja kwa mashine, hiyo ni kazi ambayo wanafunzi wa ufundi wanaiweza kabisa. Mimi sokoni sijaona hata moja. Ninachoona ni mapipa yamepangwa nje ya gereji, mengine bado yananuka petroli.

Nawasilisha.